Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi: mashamba yetu yasihamie kwa jirani

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

Kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kukuchukulia muda wako, mimi mkulima wa Fukayosi niliyewahi kuwabebea wapima ardhi vyombo vyao nikiwa kijana. Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe ni jema na wizara yako ndiyo iliyolianzisha: kuhamisha kumbukumbu za ardhi kutoka kwenye majalada na mifumo ya zamani kwenda mfumo wa kidijitali wa e-Ardhi. Tulipousikia mfumo uliotangulia, ILMIS, ukianzia Kinondoni na Ubungo, tulitamani na Pwani tufikiwe. Pokea shukrani zetu kwanza, Mheshimiwa, kabla ya ombi.

Ombi ni hili. Kwa idhini yako, kumbukumbu za zamani zisifungwe mpaka kila kijiji kisomewe taarifa zake mpya katika mkutano mkuu na kuzikubali.

Niruhusu nieleze. Upimaji mwingi wa zamani nchini ulifuata mfumo uitwao Arc 1960. Siku hizi tuna TAREF11, unaoendana na vipimo vya setilaiti. Bikoni ileile ikisomwa kwa huu na kwa ule, namba zake hupishana kwa takriban mita 300. Wapima wako wanalijua hilo kuliko mimi, na hesabu ya kubadilisha ipo. Hofu yangu ni kwa ramani ambayo hakuna aliyeandika ilipimwa kwa mfumo upi. Kompyuta haitaikataa. Itaipokea, itaichora vizuri, na shamba la mihogo litaonekana ng'ambo ya barabara, juu ya shamba la mtu mwingine. Tangu barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, ipate lami, wanunuzi wa ardhi huku hawakauki. Mita 300 hizo zitapata mteja kabla kosa halijagunduliwa.

Jambo la majina linanikosesha usingizi zaidi. Jalada litasema Mwanahawa binti Salum, kitambulisho cha Taifa kitasema Mwanahawa Salum Juma, na mtu ni yuleyule. Mzee aliyefariki kabla ya vitambulisho hivyo kuja hana kabisa namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Mfumo ukikataa kuendelea hadi namba ijazwe, karani aliyepewa idadi ya majalada ya kumaliza kwa siku ataweka namba ya mtoto aliyefika dirishani. Hapo mirathi ya ndugu watano itakuwa imekwisha kugawanywa, bila kikao cha ukoo, bila mahakama. Mara nyingi watakaokosa ni mabinti walioolewa mbali. Nakusihi sana, Mheshimiwa, mfumo uwe na mahali pa kuandika kwamba mmiliki ni marehemu na mirathi bado.

Vilevile Halmashauri ya Chalinze ilizaliwa kutoka Bagamoyo, na majalada ya kabla ya mgawanyo huo yanataja Bagamoyo hata kwa viwanja vilivyoko Chalinze leo. Hilo ni dogo, lakini lifikiriwe mapema.

Wenye uwezo mkubwa nao wamejikwaa katika kazi kama hii ya kuhamisha kumbukumbu. Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha taarifa za wateja takriban milioni 5.2 kwenda mfumo mpya kwa wikiendi moja. Wateja milioni 1.9 hivi wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na mwaka 2022 ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Salio la benki hurekebishwa. Shamba lililokwisha kuuzwa na kujengwa ukuta ni kesi ya miaka.

Basi namba ya zamani ya kila kipande ibaki kando ya namba mpya, na mfumo wa zamani uendelee kusomeka hata kama hauandikiki tena. Orodha ibandikwe ofisi ya kijiji kabla ya mkutano, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeukabidhi usimamizi wa ardhi hiyo kwa Halmashauri ya Kijiji, na wanaojua mwembe upi ni mpaka wako huku. Wengi wao ni wazee, kwa hiyo nathubutu kuomba tusiwekwe mwishoni mwa ratiba.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkulima, Fukayosi, Bagamoyo