Koti la Theluji Kando ya Lualaba

Anayetazama ramani hawezi kutuamini. Mji wetu wa Kindu uko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, nasi tunalalamikia baridi! Ndugu zetu wa Goma, waliozoea hewa ya milimani, wakisikia hucheka mpaka machozi. Wacheke. Mwezi wa saba, mvua zikiisha kukatika, alfajiri kipimo hushuka hadi kama nyuzijoto 18 au 19, na mtu aliyetoka jasho tangu Septemba hana silaha ya kupambana nazo. Waungwana wa karne ya 19, watu wa misafara kutoka pwani, walituletea mpunga na Kiswahili; blanketi walisahau.

Wa kwanza kuitambua baridi ni watoto. Mtoto anazunguka nyuma ya nyumba na ndoo, unasikia maji yakimwagika chwaa, chwaa, kisha anarudi na vumbi la jana magotini. Aliyeoga ni mgomba.

Kisha unakuja ukungu. Sisi wa upande wa Alunguli tunavuka mto Lualaba kwa mtumbwi kwenda mjini, na kuna asubuhi moja tulipiga kasia muda mrefu bila kuona hata pua ya mtumbwi. Tulipogusa mchanga, kila mtu akamshukuru Mungu. Mama mmoja wa mandazi akatukaribisha kwa furaha, halafu akamuuliza mpiga kasia kama amerudi kuchukua chenji yake.

Lakini kisa chenyewe ni cha mjomba. Alinunua sokoni koti la mtumba, la watu wa theluji, limejazwa manyoya hadi mikono ikasimama yenyewe. Alilivaa shambani, akalivaa kanisani, akalilalia. Jioni jikoni, pale kwenye mafiga matatu, alichukua nafasi ya watu wawili, na moshi ukabaki na sisi. Koko, bibi yetu, akamwonya asisogelee moto. Mjomba akajibu kwamba koti limetoka Ulaya, linajua mambo.

Cheche moja tu iliruka ikatua mgongoni. Hakuna aliyeona. Ikatoboa tundu dogo kama punje ya mchele, na usiku kucha, kila mjomba alipogeuka pale jikoni alikolala, koti likapumua manyoya.

Asubuhi Koko akakuta jiko limetapakaa manyoya meupe. Akahesabu kuku wake: wote wapo. Akahesabu tena. Basi, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, humu ndani kuna mtu amekula kuku wa watu!

Jirani akasikia. Naye akahesabu wake, akakosa tetea mmoja, mweupe. Alipoingia kwetu, mjomba alikuwa amesimama mlangoni na unyoya ndevuni.

Wazee wakaketi. Mjomba akaeleza habari za bata wa Ulaya wanaonyonyolewa ili watu washonewe makoti, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Akalipa tetea mzima, tena wa kutaga.

Wiki chache baadaye tetea mweupe akatoka vichakani alikokuwa akiatamia, vifaranga nyuma yake, mlolongo mzima. Mjomba akaenda kudai haki yake. Jirani akampa kiti, akampa maji, akamwambia kwa upole kwamba yule wa kulipwa ameshaliwa pamoja na sombe. Na kuhusu hivi vifaranga, shemeji, kwanza funga koti lako, unawatisha.