Vumbi la Warsha

Mfanyakazi wa Nairobi akitumwa Nakuru kwa warsha hupewa kitanda, chakula na marupurupu. Bonde la Ufa halimo kwenye bajeti. Mtu anaweza kufika Jumatatu, akakaa ukumbini hadi Ijumaa mapazia yakiwa yamefungwa, akala kuku wa kila aina, akarudi kwake bila kujua kwamba nyuma ya hoteli kuna shimo la volkeno lenye kilomita 12 kwa 8. Wenzangu wameishi hivyo miaka nenda miaka rudi na wakastaafu wakiwa na afya njema. Siwalaumu.

Mimi nina maradhi ya kupenda ukame. Sitaki ufuo, sitaki msitu. Nipe mawe, miba na jua lisilo na adabu. Jangwa lenyewe, Chalbi, liko Marsabit, na sijamwona mwajiri anayeandaa semina ya ukaguzi wa hesabu huko. Kwa hiyo huvizia vijangwa vya karibu, vile vinavyoweza kupenyezwa kabla ya hotuba ya ufunguzi. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, imezungukwa navyo: Menengai kwa juu, Longonot njiani unaporudi Nairobi, Bogoria kule kaskazini ukishuka kuelekea Marigat. Taabu ni kwamba kila kimoja kina vumbi lake, na vumbi halitunzi siri.

Menengai kwenye karatasi ni rahisi. Jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu. Ratiba husema kikao cha kwanza ni saa mbili, lakini kila aliyewahi kuhudhuria warsha anajua mgeni rasmi hafiki kabla ya saa nne. Humo katikati mtu anaweza kupanda boda hadi ukingoni, akashuka shimoni, akapanda, akaoga, na akakutwa kiti cha nyuma akiwa na kalamu mkononi. Mwendesha boda hakuvutiwa na hesabu hizo.

"Mkubwa, kushuka ni bure," aliniambia akizima pikipiki. "Kupanda ndiko utakakolipia."

Ukingo wa Menengai unafikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na sakafu iko chini sana ya hapo. Ukitazama toka juu unaona vichaka na mvuke unaofuka kwa mbali, kwenye visima vya jotoardhi vilivyoanza kuchimbwa mwaka 2011. Ukishafika chini unaona lava tu: mawe meusi yaliyovunjikavunjika, makali, yanayokula soli, na njia ambazo mbuzi wanazielewa kuliko watu. Chupa yangu ya maji ilikuwa ile ndogo ya mezani ukumbini. Iliisha kabla sijachoka vizuri.

Hapo ndipo nilipotokea pangoni. Menengai ina mapango ambayo waumini huyaendea kufunga na kusali, wengine kwa siku nyingi mfululizo. Mzee mmoja aliyevaa koti zito alitoka, akanitazama kuanzia viatu hadi kadi ya jina iliyokuwa ingali ikining'inia shingoni tangu jana.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Amina, mzee."

"Umekuja kwa siku ngapi?"

"Saa moja hivi. Nina kikao."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hata Yona alikaa siku tatu, na yeye hakuwa amejitolea."

Akawaita wenzake. Kabla sijaeleza kwamba haja yangu ilikuwa njia tu, mikono ilishatua kichwani. Waliiombea kazi yangu, wakawaombea wakubwa wangu, wakaikemea roho ya haraka iliyonishika. Na mfukoni nilikuwa na chapati mbili za hoteli, zimefungwa kwa karatasi, harufu yake ikitembea pole pole kati ya watu ambao hawakuwa wamekula kwa siku kadhaa. Sauti moja ilikatika katikati ya sala, ikameza mate, ikaendelea. Niseme kweli: yalikuwa maombi marefu, lakini yamepangika kuliko hotuba yoyote niliyosikia wiki ile. Walipomaliza, mama mmoja alininyoshea kidole kuelekea njia bila hata kufumbua macho.

Siku hiyo, kwa sababu anazozijua mwenyewe, mgeni rasmi aliwahi. Niliingia kwa mlango wa jikoni, magoti meusi tii, wakati washiriki wanajitambulisha na kutaja matarajio yao. Kipaza sauti kikanifikia nikingali nimesimama. Wengine walikuwa wametaja maarifa, mitandao na ushirikiano. Mimi nilitaja maji.

Vumbi la Longonot nalo ni la kijivu. Niliwashawishi wenzangu tuupitie mlima huo Ijumaa, basi dogo likiturudisha Nairobi. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo ni 7.2, ukipitia Kilele Ngamia chenye mita 2,776. Langoni hulipi kwa noti, unalipa kwa simu, basi tukasimama foleni tukimtafuta mwenye chaji. "Yaani tunalipa ili tuchoke?" mhasibu wetu aliuliza. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele. Njia ni majivu ya volkeno, laini, yanaingia hadi kwenye masikio, na mteremko wa mwisho wengi waliumaliza kwa makalio. Dereva alitungoja mlangoni na ufagio. Jumatatu mkuu wa idara aliuliza kama warsha ilifanyika kwenye kiwanda cha saruji.

Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Longonot, pia inaruhusu kutembea kwa miguu, ila korongo lake silipendekezi kwa mtu mwenye haraka. Mvua inaweza kunyesha mbali, nawe uko chini pakavu. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua humo vijana saba waliokuwa matembezini.

Bogoria nilienda kwa matatu ya Marigat, nimevaa sweta, kwa kuwa Nakuru asubuhi ina baridi. Nakuru iko mita 1,850 hivi; Bogoria iko chini ya elfu moja. Tulipovuka ikweta pale Mogotio nilikuwa nimeshalivua sweta, na kufikia Marigat nilitamani kuvua na mengine. Nilibeba mayai ya kuchemshia kwenye chemchemi za moto, kama ilivyo desturi ya wageni, na mahali salama pekee palikuwa mkoba wa kipakatalishi. Boda ya kwenda lango la Loboi ilipokutana na mashimo, mayai mawili tu yalipona. Chemchemi nyingi nilizoziona pichani zilikuwa zimemezwa na ziwa, ambalo limepanda pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa tangu miaka ya 2010, lakini iliyobaki iliyaivisha vizuri. Jioni niliwasilisha ripoti yangu kwa kompyuta iliyonuka kama salfa na kimanda.

Kwa waandaaji wa warsha za Nakuru nina ombi moja, na haligharimu hata shilingi: mwacheni mgeni rasmi aendelee kuchelewa.