Pole ya Magoti

Mtalii anayeruka kwa saa nane kutoka Amsterdam hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) kwenda kuangalia nyumbu hushuka akilalamikia magoti. Pole yake. Daraja la kawaida la ndege limempa inchi 31 hivi kati ya kiti na kiti, blanketi, na chakula cha moto. Karibu Tarime, kwenye njia ya kwenda Mugumu. Gari la Probox lililoundwa kwa watu watano hapa hubeba tisa: dereva anagawana kiti chake na abiria, wawili wako kwenye buti na kuku wa watu. “Mama, sogea kidogo, bado mmoja!” Asogee wapi, kwenye injini? Mkanda hauhitajiki; kwa kubanwa huko, hata ukitaka kuanguka huwezi. Nauli ni ileile, aliyekaa na aliyekaliwa. Basi, ndugu mgeni, ukifika Serengeti tusimulie habari za simba, za magoti tuachie sisi.