Waraka kwa Dalali wa Isevya

Ndugu Dalali,

Nakushukuru kwa kutuonesha ile nyumba ya Isevya hapa Tabora, na kwa ukarimu wako wa kupokea hela ya kuoneshwa kila tuliporudi kwenye mlango uleule.

Nimependa jinsi nyumba ile inavyozidi kuzeeka mdomoni mwako. Ulianza kwa kusema ilijengwa baada ya uhuru. Juzi ikawa ya Wajerumani, enzi reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Tukikuachia wiki nyingine, Livingstone atakuwa alilala chumba cha uani. Bahati mbaya tembe alimokaa iko Kwihara, na haiuzwi. Sibishani na historia, ndugu yangu. Nabishana na kenchi. Fundi wetu alizichokonoa kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Mchwa! Ukuta wa nyuma nao ni tofali mbichi zilizopakwa saruji usoni. Hayo uliyoyaita "marekebisho madogo" yamefika milioni 7, rangi bado.

Hesabu yako ilikuwa fupi: bei milioni 42, akiba yetu 12, benki 30. Yangu ni ndefu kidogo, uniwie radhi. Milioni 30 kwa riba ya asilimia 16, miaka 15, ni kama shilingi 440,000 kila mwezi. Hadi deni liishe tutakuwa tumelipa zaidi ya milioni 79. Na akiba yote ikienda kwa muuzaji, bati tutanunua kwa hela gani? Ukanikumbusha, kwa upole wako, kwamba mtumishi lazima abakiwe na theluthi ya mshahara, kwa hiyo benki haitakataa. Ni kweli. Ila benki haijui ada za Januari, wala hela anayotumiwa mama mkwe kule Urambo. Tulijaribu kuishi kana kwamba tumeshaanza kulipa. Mwezi wa ada ulipofika, unga tulichukua kwa mkopo dukani. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ndiyo peke yake haikututisha.

Tena mwenye nyumba ni marehemu. Anayeuza ni mwanawe mmoja, na wadogo zake walitutazama pale uani kama wezi wa kuku. Barua ya mtaa uliyotuonesha ina mhuri mzuri sana, lakini msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na bila yeye hakuna benki itakayoigusa hati ya nyumba ile.

Kwa milioni 42, jibu letu ni hapana. Kwa 25 tunaweza: 5 zetu, 20 za benki, mwezi kama 294,000, na milioni 7 zinabaki za fundi. Mfikishie muuzaji. Lakini uteuzi wa mahakama uje kwanza, ndipo tuzungumze bei.

Wateja wako,
Baba na Mama Watoto