Sangara Msafiri

Sangara wa Mwanza ni mheshimiwa. Akitoka ziwani analazwa kwenye barafu, anatolewa minofu kiwandani, anapimwa maabara, anapigwa muhuri, kisha huyo, Hispania. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposikia samaki wa ziwa hili wanavuliwa kwa sumu, ukamfungia mlango. Vipimo alivyopimwa baada ya hapo, mjamzito wa Ukerewe angevionea wivu.

Sisi wenye ziwa tunaachiwa mapanki: kichwa, mfupa na mkia, yakaangwe kando ya barabara bila barafu wala cheti. Sayansi imefika Mwanza, jamani, msiseme haijafika. Ila huuliza kwanza nani anasafiri. Mlaji wa Madrid akiumwa tumbo, kiwanda kizima kinatetemeka. Wa Igoma akiumwa, anaulizwa kama alinawa mikono.