Muulize Profesa Kamba: Mbuzi Hasomi Bei

*Profesa, mbuzi wa jirani wamenimalizia mboga. Nataka kuzungusha uzio kwenye lupango, mita 20 kwa 30. Fundi wa kwanza amenitajia bei, wa pili amenitajia mara mbili yake. Nimwamini nani? – Mama Sombe, Marabo*

Mama Sombe, umefanya vyema kuniandikia mimi, kwa sababu kati ya Bunia na Komanda hakuna kichwa kingine kinachoweza kuzunguka kiwanja chako bila mwenyewe kuinuka kitini. Usimwamini fundi hata mmoja. Sisemi ni waongo. Nasema wote wawili wamekutajia pesa kabla ya kutaja vitu, na hesabu ya pesa haidumu Marabo. Mfuko wa saruji unaoshushwa hapo umekwisha kuonja barabara, pengine na forodha ya mpaka wa Uganda pia. Muuzaji anapiga hesabu kwa dola, wewe unalipa kwa faranga, na mvua ikilaza lori njiani, karatasi ya fundi haina kazi tena. Lakini nguzo 50 za Jumatatu ni nguzo 50 za Ijumaa. Andika vitu kwanza, bei uitafute siku ya kununua. Hoja yangu ni hiyo tu, na mshauri wa kawaida angeishia hapo. Mimi si wa kawaida.

Anza na kamba. Mita 20 kwa 30 ni mzunguko wa mita 100, na huo mzunguko ndio utakaokula pesa zako, wala si ukubwa wa kiwanja. Watu wengi hawalijui hili, ndiyo maana wananihitaji. Kiwanja cha 10 kwa 40 nacho kina mzunguko wa mita 100, kumbe ndani kina mita za mraba 400 tu, na chako kina 600. Cha 25 kwa 25 kina 625. Ukizungusha uzio huohuo kama duara, utapata karibu 796! Wazee wa kale waliliona hili: husimuliwa kwamba malkia Dido alipewa ardhi kiasi cha kufunikwa na ngozi ya ng'ombe, akaikata ngozi vipande vyembamba, akaizungusha kwenye kilima, na ndipo Karthago ikaanza. Ningekuwepo, ningemshauri hivyohivyo. Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza ni kuwaita majirani wako wote wanne, uwaombe wakuachie pande zao kidogo ili kiwanja chako kiwe duara. Wakikataa, na watakataa, ni kwa kukosa elimu.

Basi tubaki na pembe nne. Toa mita 3 za lango, zinabaki 97. Ukisimamisha nguzo kila mita 2, utakuwa na nafasi 49, na nguzo 50, kwa kuwa uzio unaoanzia upande mmoja wa lango na kuishia upande wa pili una nguzo moja zaidi ya nafasi zake. Hiyo moja ndiyo inayomrudisha fundi sokoni jioni kwa nauli yako. Ukipanua nafasi ziwe mita 3, nguzo zinashuka hadi 34. Utasema: fundi mzoefu hupima kwa jicho. Sawa, jicho lake ni zuri, ila jicho halitoi orodha unayoweza kuipeleka kwa fundi wa pili, na bila orodha moja utalinganishaje bei mbili? Huenda wa kwanza alihesabu nguzo 34 na wa pili 50, na wote wawili wakawa waaminifu kabisa. Kila nguzo ichimbiwe sentimita 60 hivi, sehemu ya chini iunguzwe juu juu kwa moto ili kuwachelewesha mchwa, na nguzo za pembeni ziegemezwe, maana ndizo zinazovutwa. Seng'enge mistari mitano ni mita 485. Muulize muuzaji roli lake lina mita ngapi, usimuulize lina uzito gani. Ila kumbuka adui yako ni mbuzi, na mbuzi hupita chini ya mstari wa kwanza bila hata kuinamisha heshima.

Hapo ndipo wenye tamaa watakaponong'ona: jenga ukuta wa matofali ya kuchoma, udongo ni wako, ni bure. Bure? Chukua tofali la sentimita 22 kwa kimo cha 10, lipe sentimita 2 za udongo wa kuunganishia: mita moja ya mraba inameza matofali 35. Ukuta wa mita 97 wenye kimo cha mita 2 ni mita za mraba 194, yaani matofali 6,790. Ongeza moja ya kumi kwa ajili ya yatakayovunjika, unakaribia 7,500, na bado hujagusa nguzo za kushikilia ukuta wala msingi. Msingi wa upana wa sentimita 40 na kina cha 50 ni kutoa zaidi ya mita 19 za ujazo za udongo, kwa mgongo wa mtu anayekula. Ukijengea kwa saruji, kipimo kimoja kwa sita vya mchanga, tenga mifuko 27 hivi, na matofali yaloweshwe kwanza, la sivyo yatanyonya maji ya saruji. Udongo ni wako, ndiyo, lakini kuni za tanuri, maji na mikono ya kufyatua vina wenyewe.

Kuna dawa nyingine, inayolingana na hadhi yangu. Kule Sagalla, Kenya, kando ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, wakulima huzuia tembo kwa kutundika mizinga ya nyuki kwenye waya, mmoja kila mita 10. Wewe ungehitaji kumi. Kama tembo anakimbia, mbuzi ni nani? Shida ni wageni wako, na mchungaji akija kuombea nyumba.

Nafasi yangu inakwisha, kwa hiyo haraka: panda minyaa. Vipande 389, kimoja kila sentimita 25, kwenye mstari wa nguzo zako 50; mifugo huiepuka, na watoto waonywe, utomvu wake unaumiza macho. Matete yashike zamu mpaka mimea ifunge. Matofali yasubiri; siku ukiyaweza, uanze na mita 20 za upande wa barabara. Orodha hiyohiyo wape mafundi wote wawili, umchukue wa bei ndogo.

Na kijana wa Bunia aliyeuliza kama akiwahi kuzungushia uzio kiwanja cha shangazi yake kitakuwa chake: hapana. Tangu sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako juu yake huthibitishwa kwa cheti cha usajili. Uzio, hata uliopimwa na mimi, si cheti.