Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Naomba mwanafunzi wa uhandisi ashike mita mwenyewe

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani, mimi nisiye na cheo chochote cha kunihalalishia kuchukua muda wako. Ni mhandisi wa umeme kiwandani. Pamoja na kuhakikisha mitambo haisimami, nawapokea wahandisi wahitimu wanaokuja kwetu chini ya mpango wa mafunzo wa miaka 3 ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003. Nawapenda vijana hawa, na ni kwa ajili yao nimethubutu kupiga hodi kwako.

Ukiniruhusu, nikueleze jambo moja nililolishuhudia. Mota ya pampu iligoma kuanza. Ilinguruma tu, haizunguki. Mhitimu niliyekuwa naye, kijana mwenye ufaulu wa daraja la kwanza, alichukua karatasi akakokotoa mkondo wa kuanzia wa mota ile bila kukosea hata nukta, na huku mota inazidi kupata moto. Fundi wetu wa zamu alisikiliza ule mngurumo, akazima swichi haraka, akasema, "Fezi moja haipo." Akafungua boksi la stata, na kweli, fyuzi moja ilikuwa imeungua. Nilipompa kijana mita aipime fyuzi ile, hakujua waya auchomeke tundu lipi.

Nakusihi, Mheshimiwa, usimlaumu. Nilipomuuliza kwa upole alinieleza kwamba katika maabara ya chuo chao walikuwa wakizunguka meza moja zaidi ya wanafunzi kumi. Mmoja alishika mita, wengine wakanakili vipimo vyake. Ripoti zao zilisahihishwa, wote wakapata alama nzuri. Miaka 4 ya chuo ilipita hivyo, na kipindi cha mafunzo kwa vitendo viwandani alikitumia zaidi kupanga mafaili, kwa kuwa wenyeji wake waliogopa ataharibu mashine. Hofu yao naielewa. Nani atamkabidhi mashine mtu ambaye hajawahi kugusa hata ya kujifunzia?

Naomba nitangulize shukrani, maana zinastahili. Kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425, vyuo vyetu vya umma vinapata majengo na maabara mpya. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam nayo inaendesha kiwanda cha kufundishia, ambako mwanafunzi anajifunza kwa kutengeneza bidhaa za kuuzwa. Haya ni mambo makubwa, na mimi mlipa kodi wa kawaida nayaonea fahari.

Hofu yangu, ambayo naileta kwako kwa unyenyekevu wote, ni kwamba mashine mpya inaweza kufungwa kwa kufuli kama ile ya zamani. Nimewahi kutembezwa kwenye karakana ya chuo iliyokuwa na lezi nzuri iliyofunikwa turubai. Haikuwa mbovu. Hapakuwa na fungu la kununulia vyuma vya kuchonga, na fundi sanifu aliyeijua alikuwa amestaafu bila kuachiwa mrithi. Fedha za kununua mtambo hupatikana mara moja, tena kwa sherehe. Fedha za waya, risasi ya kuchomelea, fyuzi na vipande vya chuma zinatakiwa kila muhula, na ndizo zinazokatwa kwanza bajeti inapobana.

Wala sisemi haya kwa mapenzi ya karakana peke yake. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake, huko Marekani, walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 kuhusu ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wenzao walioshirikishwa darasani kwa maswali, majadiliano na kazi za vikundi. Denmark nako, Chuo Kikuu cha Aalborg kimefundisha kwa miradi tangu kianzishwe mwaka 1974. Karibu nusu ya kazi ya muhula ni kikundi kutafuta ufumbuzi wa tatizo halisi. Kumgeuza mhadhiri aache kusoma slaidi na kuanza kuwauliza wanafunzi hakuhitaji jengo. Kunahitaji apewe mafunzo, na anapoombewa kupandishwa cheo, ufundishaji wake uhesabiwe pamoja na makala alizochapisha.

Mheshimiwa, Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali sekondari. Wanafunzi wa mkondo huo wameshaanza kushika nyundo, chuma na waya. Wakifika chuo kikuu wakaketi miaka 4 kunakili ubaoni, tutakuwa tumewarudisha nyuma wenyewe.

Kwa hiyo, kama si kukukosea adabu, naomba wizara yako, pamoja na Tume ya Vyuo Vikuu, ielekeze kwamba kila mwanafunzi wa uhandisi aingie karakana tangu muhula wa kwanza, na apimwe peke yake, kwa kazi ya mikono yake, mbele ya mtahini: afunge stata, atafute hitilafu, aeleze alichokiona. Asiyeweza arudie, hata kama ripoti yake imeandikwa vizuri. Naomba pia fungu la vifaa vya matumizi vya maabara litengwe na lilindwe lisihamishiwe kwingine, na mafundi sanifu waajiriwe kabla waliopo hawajastaafu.

Ukiona inafaa kuwatuma wataalamu wako waje kuzungumza na wahitimu wetu kiwandani, tutawapokea kwa mikono miwili.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mhandisi wa umeme, Morogoro